Anza Uvunguni: Mwongozo Kamili wa Kukagua Gari Lililotumika Mombasa

Shemeji yangu alinipigia simu asubuhi moja akiwa Bamburi. "Njoo haraka, nimepata gari, na mwenye nalo ana wateja wengine wawili." Nilipofika nilikuta gari jeupe limepigwa nta hadi linameta, viti vimepuliziwa manukato, taili zimepakwa weusi. Kwa macho halikuwa na ila. Nikalala chini na tochi, nikaiweka ncha ya bisibisi kwenye kizingiti cha mlango wa dereva, nikasukuma kidogo tu. Ikazama kama kwenye embe bivu. Shemeji alikuwa amekwisha kutoa kishika bei cha shilingi 50,000, na kuzipata tena kulichukua miezi minne na maneno mengi.

Nimelelewa karibu na gereji ya mjomba wangu Changamwe, na kwa miaka sasa jamaa na majirani hunichukua niende kuwatazamia magari. Maelezo mengi ya kununua gari huanzia kwenye injini. Kwa sisi wa Pwani huko ni kuchelewa. Injini hutengenezwa, hata hubadilishwa nzima, na gari likaendelea. Bodi iliyoliwa na chumvi haina tiba ya maana, na chumvi hula kutoka chini, kimya kimya, huku juu gari likizidi kung'aa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Watu wengi huulizia gari kwa herufi za namba: ni KDA au KDG? Herufi hizo zinakwambia gari lilisajiliwa Kenya lini, basi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza kule lilikotoka. Kwa kuwa la zamani ndilo la bei nafuu, waagizaji wengi huleta yale yanayokaribia mwisho wa muda huo. Kwa hiyo gari la KDA, herufi zilizoanza kutolewa mwaka 2020, kwa kawaida liliundwa mwaka 2013 hivi. Ukililinganisha bei kana kwamba ni la 2020 umekwisha kupunjwa kabla hujalitia macho.

Mwaka wa kuundwa umo kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Ukifika kwenye gari uthibitishe kwa lebo iliyoshonwa chini ya mikanda ya usalama, kwani mara nyingi huwa na tarehe. Hapo utapata na faida nyingine: mikanda mitatu ikiwa ya mwaka mmoja na wa nne ukawa wa mwaka wa baadaye, kuna mtu aliubadilisha. Mikanda ya mbele ya magari ya siku hizi hufyatuka na kukaza wakati wa ajali kubwa, na ikifyatuka haitumiki tena. Uliza kwa nini ulibadilishwa, na uangalie uso wa mwenye gari anapojibu.

Jambo la pili la nyumbani ni pesa. Ukiwa na shilingi 800,000, tafuta gari la 700,000. Zile 100,000 si akiba ya sherehe. Ni bima, uhamisho, oili na vyote utakavyovikuta.

Simu ya kwanza

Usiulize "bei ya mwisho ngapi?" Uliza: gari liko kwa jina lako? Umekaa nalo muda gani? Unaishi wapi, na huegeshwa wapi usiku? Hilo la mwisho watu hulishangaa, lakini gari lililolala miaka mitano kwenye upepo wa Nyali au Kizingo si sawa na lililolala Mikindani chini ya paa. Uliza pia kama huvuka feri ya Likoni kila siku. Pale kwenye mteremko wa kuingilia, maji yakiwa kupwa, gari la chini hukwaruza bampa na uvungu, na magurudumu hukanyaga maji ya bahari asubuhi na jioni.

Malizia hivi: "Nitakuja kesho saa moja asubuhi. Tafadhali usilitie moto kabla sijafika." Ukifika ukakuta boneti ina joto, muulize sababu, na ujitayarishe kurudi siku nyingine.

Ukiwa unazungumza na dalali, mwombe umwone mwenye gari. Dalali ana haki ya kula jasho lake, sina ugomvi naye, lakini gari hana, kwa hiyo majibu hana.

Makaratasi huja kabla ya nauli

Omba namba ya gari, uingie kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulipie kopi ya rekodi. Ni pesa ndogo mno ukiilinganisha na unachokwenda kununua. Kopi hiyo inaonyesha jina la mwenye gari kwa sasa, namba ya chesi, namba ya injini, na kama kuna mtu mwingine mwenye haki juu ya gari. Hili la mwisho ndilo lenye uzito. Watu wengi hapa hukopa kwa kuweka logibuku rehani, na mkopeshaji huandikishwa pamoja na mwenye gari. Mkopo usipolipwa, gari huchukuliwa popote lilipo na mikononi mwa yeyote aliye nalo. Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo, hakuna mazungumzo mpaka ipatikane barua ya kwamba deni limekwisha na jina hilo limeondolewa kwenye rekodi yenyewe. Barua peke yake haitoshi.

Kisha kuna hili la bandari yetu. Magari mengi yanayoshushwa Kilindini ni ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Yanapita tu, na ushuru wa Kenya hayajalipiwa. Uganda inaruhusu magari ya hadi miaka 15, kwa hiyo utayaona bandarini na barabarani magari mazee kuliko yanavyoruhusiwa kwetu. Mtu akikuletea gari zuri, bei ya kushangaza, halina namba za Kenya bado, na umri wake umepita miaka 8, usilisogelee. Gari hilo halisajiliki hapa kwa njia ya halali, na likikamatwa ni wewe utakayepoteza.

Vya kubeba

Tochi kali. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Bisibisi. Karatasi nyeupe ya kufutia. Kadibodi ya kulalia. Na fundi, lakini awe fundi wako, usikubali wa muuzaji. Usimchague fundi anayependa kusema ndiyo. AA ya Kenya, chama cha wenye magari, nayo hukagua na kuthamini magari kwa malipo. Ikiwa huna fundi unayemwamini, afadhali ulipie huko.

Nenda asubuhi. Jua la asubuhi hulala juu ya bodi na kuonyesha mawimbi yote ya rangi. Jua la saa sita hupiga wima likaficha. Gari lililotoka kuoshwa au kunyeshewa usilihukumu rangi yake mpaka likauke.

Uvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo haina mafumbo. Tandika kadibodi, ulale chali.

Anza na vizingiti, yaani ile mihimili mirefu iliyo chini ya milango. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu. Kilichooza au kilichojazwa pati, ule mchanganyiko wa kuzibia mashimo na mabonyeo, hulia kwa sauti ya kufa, kama unagonga mbao yenye maji. Ukipata mahali sauti inabadilika, bonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa ncha ya bisibisi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ukaguzi wa kidole gumba umewaokoa watu wengi niliowapeleka kuliko mashine yoyote.

Kutoka hapo fuata njia ya maji: matao ya magurudumu kwa ndani, sakafu, fremu inayoshika injini, mahali shokomzoba za nyuma zinaposhika bodi, mirija ya breki, bomba la kujazia mafuta, na tangi. Kutu ya juujuu, ya rangi ya chungwa kwenye ekseli au eksozi, isikutishe. Chuma kinene kikikaa Mombasa hupata rangi hiyo. Ya kuogopa ni kutu inayobanduka kwa matabaka kama maganda, kutu kwenye mishono ya bodi, na kutu kwenye mirija ya breki. Mrija wa breki ukipasuka Nyali Bridge jioni, hakuna bei ya gari itakayokuwa ilikufaa.

Jihadhari na uvungu mweusi tii uliopakwa juzi. Kupaka dawa ya kuzuia kutu ni jambo jema likifanywa juu ya chuma safi. Likifanywa juu ya kutu wiki moja kabla ya kuuza, ni kifuniko: kutu inaendelea kula chini yake ikiwa imefichwa jua. Ukikuta rangi nyeusi mpya hata kwenye boliti, kwenye raba na kwenye eksozi, mtu alikuwa na haraka. Kwangu hilo ni sababu ya kuondoka.

Usidhani gari lililotoka Japan karibuni limesalimika. Hokkaido na mikoa ya kaskazini mwa kisiwa cha Honshu hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari la huko linaweza kushuka Kilindini likiwa tayari na ugonjwa ambao hewa yetu itaumalizia.

Ukiinuka, fungua milango yote uangalie chini kabisa, pale kwenye matundu madogo ya kutolea maji. Yakizibwa na uchafu, mlango huoza kutoka ndani. Fungua buti, toa gurudumu la akiba, uangalie shimo lake. Inua betri kidogo kama unaruhusiwa. Sinia yake ni mahali ambapo chumvi na asidi hukutana.

Gari lililozama

Masika yetu hujaza maji barabarani kila mwaka, na mvua za El Niño za Novemba 2023 ziliacha magari mengi ndani ya maji hapa Mombasa. Mengine yalikauka, yakasafishwa, yakauzwa. Gari lililozama huweza kutembea vizuri miezi sita kisha likaanza kuumwa umeme: leo dirisha, kesho taa, keshokutwa kompyuta ya injini. Fundi hukimbizana na nyaya asizimalize, kwa sababu unyevu umo ndani ya viungio mia na kila kimoja kinaoza kwa wakati wake. Maji yenye chumvi ni mabaya zaidi kuliko ya mvua, maana huendelea kuula waya hata baada ya kukauka.

Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Hakuna anayekumbuka kuosha sehemu ile inayokaa ndani. Ukikuta mstari wa maji au tope, umepata jibu. Kisha sukuma viti mbele na nyuma, umulike reli zake na boliti zinazoshika viti sakafuni. Kutu ya boliti za ndani ya gari haina sababu nyingine nzuri. Chomeka kidole chini ya zulia upande wa dereva uhisi unyevu. Fungua sanduku la fyuzi utafute ukijani kwenye miguu ya fyuzi. Funga madirisha yote, kaa dakika tano bila kuzungumza, unuse. Manukato mengi kupita kiasi ni dalili pia.

Ajali

Hapa ni haraka. Pitisha sumaku kila mlango na kila bawa. Mahali isiposhika kuna pati. Tazama nafasi kati ya milango na bodi, zilingane kulia na kushoto. Boliti za boneti na za mabawa zikiwa zimekwaruzwa rangi, ziliwahi kufunguliwa. Taa moja mpya na nyingine imefifia kwa jua, uliza. Mlango uliopakwa rangi si kosa. Mombasa tuktuk ni nyingi na mikwaruzo haikwepeki. Kosa ni chesi iliyopinda na kuchomelewa, na hiyo utaiona ukifungua boneti na kufuata zile reli mbili zinazokwenda mbele: zinyooke, zisiwe na mikunjo, na chomeo zake zifanane pande zote.

Injini, ikiwa baridi

Sasa fungua boneti. Injini iliyooshwa ikameta usiisifu. Huenda imeoshwa ili usione inapovuja. Vuta kijiti cha oili, ufutie kwenye karatasi. Nyeusi ni sawa, imechelewa kubadilishwa. Nzito kama lami au yenye vipande ni mbaya. Kama maziwa ya chai, ndani ya kifuniko au kwenye kijiti, maji yameingia kwenye oili. Funga boneti uage.

Nataka nikae zaidi kwenye rejeta, kwa sababu huko ndiko magari ya Mombasa yanakofia. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi kabisa, kamwe isiwe moto. Ndani kunatakiwa kuwe na kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, yenye rangi yake: kijani, pinki, au buluu. Ukiona maji ya kahawia, gari limekuwa likinyweshwa maji matupu, na maji yetu mengi ya kujazia hutoka visimani, nayo yana chumvi. Chumvi hiyo huila rejeta, pampu ya maji na njia za ndani ya injini, gasketi ikafuata. Mwenye gari atakwambia "nilitia maji tu njiani". Maji ya njiani mara moja hayageuzi rejeta nzima kuwa kahawia.

Kisha kuna desturi ambayo mafundi wetu wengi wameizoea na ambayo imewagharimu watu sana: kutoa themostati, eti kwa kuwa huku ni joto. Kazi ya themostati ni kuifikisha injini kwenye joto lake upesi na kuikalisha hapo. Ikitolewa, injini hufanya kazi chini ya joto lake, hula mafuta mengi na kuchakaa mapema, na kibaya zaidi, mara nyingi ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa likichemsha na sababu yenyewe haikutafutwa. Ni rahisi kujua. Tia moto gari likiwa baridi, ushike mpira wa juu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, ukijitenga na feni. Kama themostati ipo, mpira hukaa baridi dakika kadhaa kisha hupata moto kwa ghafla. Mpira ukianza kupata vuguvugu polepole tangu mwanzo, themostati haipo. Angalia na feni: ikizunguka tangu ufunguo ulipozungushwa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, huenda imeunganishwa moja kwa moja kwenye umeme. Themostati hakuna, feni ya moja kwa moja, maji ya kahawia: hizo dalili tatu zikikutana, gari hilo liliwahi kuchemsha na litachemsha tena.

Gari likiwa bado linanguruma, nenda nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yanayozidi. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti inayoingia kwenye silinda. Kwenye miji ya baridi mvuke mweupe wa asubuhi ni kawaida. Kwetu, kwa joto letu, mvuke hautakiwi kudumu zaidi ya muda mfupi.

Angalia dashibodi unapozungusha ufunguo kabla ya kutia moto. Taa za injini, breki za ABS na eabegi ziwake zote, kisha zizime baada ya muda, ya injini ikizima gari likishawaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayogoma kuzima, kwa maana kuna aliyeinyamazisha. Mwambie fundi wako achomeke mashine ya kusomea kompyuta ya gari na aangalie kama kumbukumbu za makosa zimefutwa karibuni. Mashine nyingi huonyesha vipimo ambavyo bado havijakamilika tangu kufutwa.

Uliza kama injini ni ya cheni au ya mkanda wa taimingi. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi za miaka ya 2000, ni ya cheni. Ya mkanda inahitaji ushahidi kwamba mkanda ulibadilishwa kwa wakati wake. Bila ushahidi, hesabu kwamba utaubadilisha wewe wiki ya kwanza.

Gia

Gari nyingi za siku hizi ni otomatiki, na nyingi kati ya hizo ni za CVT, gia boksi isiyo na hatua za gia. Kanyaga breki, toa P uweke D, kisha R. Lishike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kishindo. Likichelewa likaja kwa mruko, gia boksi inaumwa. Kwa CVT, uliza ilitiwa oili gani. Nissan huagiza NS-2 au NS-3 kulingana na gari, Toyota wana yao, na kutia oili ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT ni kuiua. Muuzaji akijibu "oili ni oili tu", huyo ameshakwambia gari limetunzwa vipi.

Kiyoyozi

Mombasa hiki si anasa, na kukitengeneza kunaweza kula pesa nyingi. Usikijaribu asubuhi pekee. Rudi saa saba mchana, au umalizie ukaguzi wakati huo. Gari likisimama kwenye foleni, hewa ibaki baridi. Ikiwa baridi ukitembea na vuguvugu ukisimama, tazama feni na kondensa, kile kitoa joto kilicho mbele ya rejeta. Mapezi yake ya alumini huliwa na hewa ya bahari yakabomoka ukiyagusa. "Inataka gesi tu" ni sentensi utakayoisikia sana. Gesi haiishi yenyewe. Inavuja mahali.

Kilomita

Ni namba ninayoiamini kwa uchache zaidi, kwani kurudisha mita nyuma ni kazi ya dakika chache. Amini vinavyogusana na mwili: raba ya pedali ya breki, usukani, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Gari la kilomita 60,000 haliwi na pedali iliyosagika hadi chuma.

Kwa gari lililotoka Japan hivi karibuni, muuzaji akuonyeshe vyeti vitatu: cheti cha kusafirisha nje, cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa unaofanywa kwa ajili ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari lilipouzwa mnadani Japan. Vyote huandikwa kilomita, na vilingane. Kwenye karatasi ya mnada, daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. R au RA ni lililogongwa likatengenezwa. Herufi zilizo kwenye mchoro wa gari zina maana yake: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula. S na C ndizo nizitazamazo kwanza. Yadi yenye nia njema haitaona taabu kukupa.

Kuliendesha

Endesha wewe, si muuzaji. Njia ninayoipenda huanza kisiwani, inavuka Nyali Bridge hadi Kongowea kwa ajili ya matuta na msongamano, kisha kurudi na kutoka Changamwe kuelekea Mazeras. Ule mwinuko wa kupanda Mazeras hauna huruma: injini dhaifu, gia inayoteleza na rejeta iliyoziba vyote hujitangaza hapo. Ukifika juu, egesha, liache likinguruma dakika kumi na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, uangalie mshale wa joto.

Njiani zima redio. Kwenye matuta sikiliza mgongano wa chini, maana bushi na boljointi husema. Kwenye uwanja mtupu kata usukani hadi mwisho, uende polepole. Ukisikia tik tik tik, viungio vya ekseli vimechoka. Barabara iliyonyooka ikiwa tupu, legeza mikono kidogo uone gari linavutia wapi. Funga breki kwa nguvu mara moja, kwa usalama.

Ukishuka, soma taili: namba nne za mwisho wa msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa taili ni wiki na mwaka wa kuundwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu hukausha mpira hata kama meno yamejaa.

Hesabu

Kaa mbali na muuzaji na kalamu. Tuseme anataka 780,000. Fundi wako anasema taili nne 36,000, shokomzoba za mbele 18,000, huduma ya oili zote 20,000, kompresa ya kiyoyozi 35,000. Jumla 109,000. Kwako gari hilo ni la 889,000. Je, kwa pesa hizo ungepata jingine la mwaka huo lisilo na kasoro? Kama ndiyo, gari hili halifai kwa 780,000, na huna haja ya kubishana, mwonyeshe karatasi tu umwambie unachoweza kutoa. Nimeona wauzaji wakishusha 90,000 mbele ya orodha iliyoandikwa vizuri, na hao hao wakikataa kushusha 20,000 mbele ya mtu anayelia hali ngumu.

Kasoro zinazobadilika kwa pesa ni za kujadiliana. Kuna nne ambazo mimi sijadiliani, hata kwa nusu ya bei: kutu kwenye mihimili, dalili za kuzama, chesi iliyochomelewa, na makaratasi yasiyolingana na gari. Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya rekodi, herufi kwa herufi, kwa macho yako.

Kulipa na kuhamisha

Usitoe kishika bei kabla ya ukaguzi, hata wakija wateja kumi. Mkikubaliana, andikeni mkataba mbele ya wakili, mkiambatanisha kopi za vitambulisho na PIN za KRA, yaani namba za kodi. Kutaneni benki, pesa zipite benki. Uhamisho hufanywa kwenye akaunti za eCitizen: muuzaji huanzisha, mnunuzi hukubali. Kaeni pamoja mpaka hatua zote mbili zimalizike, ndipo pesa ya mwisho itoke. Sheria ya usalama barabarani hairuhusu kuendesha zaidi ya siku 14 kwa jina la mwenye gari wa zamani, na huyo akifariki au akisafiri katikati, utahangaika miaka.

Chukua funguo zote mbili, logibuku na vyeti vya Japan kama vipo. Lipia bima kabla ya kuligeuza gari kwenda kwako. Wiki ya kwanza badilisha oili, safisha rejeta, tia kulanti ya kweli na urudishe themostati, kisha tafuta mahali pa kuosha penye jeki ya kuinulia gari na maji ya bomba, si ya kisima, uwaambie waanze chini.